Mtoto anayemchunguza mama yake

JICHO LA JIRANI
Na Bhoke Mwita

Mwandishi wa tamthilia anayetaka kumtia mtazamaji hofu bila maiti, bila mzimu na bila bunduki, aende Tarime na Serengeti mwezi Oktoba wa mwaka wa shufwa. Kwa koo nyingi za Wakurya, miaka ya shufwa ndiyo miaka ya saro, yaani tohara na ukeketaji, na msimu wenyewe huangukia Novemba na Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Wazee wa mila wakishakaa na kutoa kauli, msichana wa miaka 12 anaanza kumchunguza mama yake. Ulezi uliolowekwa ni wa pombe ya nani? Shangazi aliyeingia jana bila taarifa amefuata nini? Baba ambaye hata kalamu humnunulia kwa manung'uniko, leo khanga mpya ameitoa wapi, na kwa nini?

Nyumbani hakuna ugomvi. Ugali unapikwa, maji yanachotwa, mama anamsuka binti nywele jioni. Lakini binti anahesabu hatua kutoka mlangoni hadi barabarani, na mama naye ameshaona kwamba mtoto halali usingizi. Kila mmoja anajua kitu na kila mmoja anamficha mwenzake. Nimetazama tamthilia nyingi za runinga zetu, na naumia kwamba hadithi hii haijapata nafasi inayoistahili. Tumezoea kofi, kilio na muziki mzito, na siri kufichuka kabla ya tangazo la biashara. Si kwamba hatuwezi subira. Siri ya Mtungi, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2012, ilikaa na familia ya Bagamoyo ikaacha mambo yaive polepole, na watu wakaifuata.

Aliyefika Serengeti na kamera akabaki muda wa kutosha ni mgeni, Giselle Portenier kutoka Kanada. Filamu yake ya mwaka 2018, In the Name of Your Daughter, si ya kubuni. Inawafuata wasichana waliotoroka makwao kuepuka kukeketwa wakakimbilia Nyumba Salama ya Mugumu, chini ya Rhobi Samwelly. Mama huyu alikeketwa akiwa na miaka 13, akatokwa damu nusura afe. Leo shirika analoliongoza, Hope for Girls and Women, lina nyumba Mugumu na nyingine Kiabakari wilayani Butiama. Kwa upande wa Tarime, wasichana hukimbilia kituo cha Masanga.

Wengi wakisimulia habari hizi husimulia mbio: usiku, vichaka, polisi, gari. Mimi naona mbio ndizo sehemu nyepesi. Uzito unaanza Januari, ngoma zikishanyamaza, pale wazazi wanapoitwa kukaa meza moja na mtoto wao mbele ya ofisa ustawi wa jamii na askari wa dawati la jinsia na watoto. Wanaulizwa kama watampokea bila kumkata. Wapo wanaosaini ahadi hiyo. Wapo wanaogoma, na mtoto wao anabaki kituoni. Aliyesainiwa inabidi apande gari arudi kulala chini ya paa lilelile, na watu walewale, akiamini karatasi.

Tazama pia sheria ilivyokaa. Kifungu cha 169A cha Kanuni ya Adhabu, kilichoingizwa mwaka 1998, kinamlenga mtu mwenye malezi ya mtoto aliye chini ya miaka 18: kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Naiunga mkono adhabu hiyo, na faini naiona ndogo mno. Lakini mwenye malezi ni nani kama si mama na baba? Shahidi ni nani kama si mtoto? Tunamwomba msichana wa darasa la sita achague kati ya mwili wake na uhuru wa mama yake, halafu tunashangaa anaponyamaza.

Na mama si jini. Anajua binti asiyekatwa ataitwa msagane kisimani na kwenye sherehe, na ng'ombe wa mahari watahesabiwa kwa kusitasita. Mama mkwe anamtazama. Wazee wa mila wanaweza kuitenga nyumba nzima. Yeye mwenyewe alikatwa, na kukiri leo kwamba haikuwa na faida ni kukiri kwamba maumivu yake yalikuwa bure. Mwigizaji atakayeweza kubeba hayo yote kimya, akisuka nywele za mwanawe, atakuwa ametufanyia kazi ambayo mikutano ya hadhara haijaiweza.

Mambo yanasogea. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha wanawake 32 kati ya 100 mkoani Mara wamekeketwa. Ule wa 2022 ukaonyesha 28. Nashukuru, ila mwendo huo ni wa kinyonga, na ninaamini sababu mojawapo ni kwamba juhudi zetu nazo zina msimu. Desemba ya shufwa wanakuja viongozi, waandishi wa habari na magari ya doria. Mwaka wa witiri barabara ya kwenda kwa yule msichana aliyerudishwa haina vumbi la gari la mtu yeyote.

Kwa hiyo halmashauri za Tarime na Serengeti ziweke kwenye bajeti ya miaka ya witiri mafuta na posho za maofisa ustawi wa jamii, ili kila familia iliyosaini itembelewe kila muhula, mtoto aongee na ofisa faraghani, na mama naye apate mtu wa kumweleza hofu yake bila kuogopa pingu. Wenye vituo vya runinga wawatafute waandishi waliozaliwa Nyamongo, Sirari na Mugumu, wawape vipindi vya kutosha, na wawaruhusu wahusika waongee Kikurya wanapokuwa jikoni. Sehemu ya kwanza ianzie Januari, kwenye meza ya kusaini, kalamu ikiwa mkononi mwa baba na mtoto akimtazama mama.