Spahić mamluki? Kwanza niambieni nani alimwacha nani

Nimekuwa kimya kwa wiki mbili, na wanaonifahamu wanajua kwamba nikinyamaza hivyo kuna kitu kimenikaba kooni. Leo nakitema.

Wiki iliyopita niliandika habari fupi ya kujaza kona ya ukurasa wa michezo kuhusu Emir Spahić, yule beki wa kati wa Bosnia aliyekuwa nahodha wa nchi yake kwenye Kombe la Dunia la 2014. Maneno mia tatu tu. Nikaorodhesha alikopita: NK Zagreb ya Kroatia, Shinnik Yaroslavl, Torpedo Moscow na Lokomotiv Moscow za Urusi, Montpellier ya Ufaransa, Sevilla ya Hispania, akarudi Urusi kwa Anzhi Makhachkala, halafu Bayer Leverkusen na Hamburg za Ujerumani. Ukianza kuhesabu kutoka Zagreb unapata vilabu tisa, nchi tano. Asubuhi nanunua gazeti (ndiyo, mwandishi ananunua gazeti lake mwenyewe, msicheke) nakuta kichwa cha habari kimeandikwa kwa wino mweusi: SPAHIĆ, MAMLUKI ALIYEZURURA ULAYA. Na jina langu chini yake.

Mamluki! Neno hilo sikuliandika mimi. Nilipomfuata mkubwa wangu wa dawati kumuuliza, alinijibu bila hata kuinua macho kwenye kompyuta: "Dogo, mtu wa timu tisa ana mapenzi na timu gani?" Wenzangu wakacheka, nikarudi kitini. Siku ile sikuwa na jibu. Leo ninalo, na kwa kuwa kule halitachapwa, nalileta hapa.

Tuanzie pale alipozaliwa. Spahić alizaliwa Agosti 1980 mjini Dubrovnik, kwenye nchi iliyoitwa Yugoslavia. Hajatimiza miaka 12, nchi ile ikawa imesambaratika. Oktoba 1991 Dubrovnik ilizingirwa na kupigwa mizinga na jeshi la nchi ileile aliyozaliwa ndani yake. Aprili 1992 vita vikaingia Bosnia, na mpaka makubaliano ya Dayton yanafikiwa Novemba 1995, watu wapatao 100,000 walikuwa wameshakufa. Leo Dubrovnik iko Kroatia, na Spahić ni Mbosnia. Sasa wewe unayemlaumu mtu wa namna hiyo kwamba hakutulia mahali pamoja, hebu nieleze: alihama yeye, au ilihama nchi?

Wala hakuwa peke yake. Tazama kikosi alichokiongoza Brazil. Vedad Ibišević familia yake ilikimbia vita, wakapitia Uswisi wakaishia St. Louis, Marekani. Kipa Asmir Begović alikulia Ujerumani kisha Kanada, tena timu za vijana alizichezea za Kanada. Miralem Pjanić amekulia Luxembourg. Sead Kolašinac kazaliwa Karlsruhe, Ujerumani. Ukiwaita hawa wote wazururaji, Bosnia itabaki na wachezaji gani?

Lakini najua mkubwa wangu hakuwa anazungumzia vita. Alikuwa anazungumzia vilabu. Haya, twende kwenye vilabu.

Yaroslavl na Torpedo napita haraka, alikuwa kijana anatafuta pa kushika. Lokomotiv alikaa kuanzia 2006 hadi 2009 na akachukua nao Kombe la Urusi mwaka 2007. Miaka mitatu. Ni makocha wangapi unaowajua waliodumu miaka mitatu kwenye benchi moja? Mwaka 2009 akaenda Montpellier, na hapa naomba tutulie kidogo. Montpellier ndiyo kwanza ilikuwa imepanda Ligi Kuu ya Ufaransa. Mtu anayefuata sifa haendi kwa timu iliyotoka daraja la pili juzi. Msimu wa kwanza wakamaliza nafasi ya tano. Wa pili wakafika fainali ya Kombe la Ligi, Aprili 2011, wakafungwa 1-0 na Marseille. Kiangazi kile akaenda Sevilla. Na mwaka uliofuata, 2012, Montpellier ile ile, na Olivier Giroud mbele, ikawa bingwa wa Ufaransa.

Hapa ndipo wabishi wanaporuka kutoka kwenye viti: si unaona, angetulia angekuwa bingwa! Ni kweli. Na ninawaongezea lingine bure: Sevilla nayo ilichukua Ligi ya Europa mwaka 2014, yeye akiwa ameshaondoka. Kwa hiyo tunazungumzia mamluki ambaye kila akiondoka mahali, hazina inafukuliwa nyuma yake. Jamani, mamluki wa vitabuni huondoka na nyara. Huyu wa kwetu mbona kila mara anaondoka na begi tu?

Sasa Anzhi, maana hapo ndipo neno hili linapokaribia kumfaa. Mwanzoni mwa 2013 akaenda Makhachkala, jimbo la Dagestan. Klabu hiyo ilikuwa mikononi mwa tajiri Suleyman Kerimov tangu 2011, na ilikuwa inamwaga fedha kama maji: Samuel Eto'o wetu alikuwa ameshafika, na kocha alikuwa Guus Hiddink. Kwa sababu za usalama wachezaji waliishi na kufanya mazoezi Moscow, wakiruka kwa ndege zaidi ya kilomita 1,500 kwenda kucheza mechi za "nyumbani". Nyumbani kwa ndege! Kama Spahić alienda kule kwa ajili ya mapenzi ya jezi, mimi ni askofu. Alienda kwa fedha. Nakubali, na sioni haya kukubali, kwa sababu hata mimi sijaja mjini kunywa upepo.

Lakini angalieni kilichofuata. Agosti 2013 tajiri alikata bajeti. Hakufilisika, aliamua. Wachezaji wakauzwa kama vyombo vya nyumba iliyofiwa, Eto'o akaenda Chelsea, na mwaka 2014 Anzhi ikashuka daraja. Spahić alikuwa ameshahamia Leverkusen kiangazi hichohicho. Je, umewahi kusoma kichwa cha habari kinachosema KERIMOV MAMLUKI? Mimi sijawahi. Mwenye klabu anaingia 2011 na kuvunja kambi 2013, tunaita mabadiliko ya sera. Beki anakaa pale nusu msimu, tunamwita mzururaji. Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo, hata tukimweka Spahić pembeni: neno hili tumelitengeneza kwa ajili ya mwajiriwa peke yake. Mwajiri hana jina la kuitwa.

Klabu inaweza kukuuza, kukukopesha kwa wengine, kukuweka benchi mpaka thamani yako ishuke, kukutaka upunguze mshahara, na siku ikikuchoka inakushukuru kwa mchango wako na kukutakia kila la heri. Beki mwenye umri wa miaka 32, mwenye goti ambalo halijui litadumu misimu mingapi, akisaini kwingine mapema kabla hajatupwa, ndiye asiye na mapenzi. Na sisi waandishi, ambao kila dirisha la usajili tunaishi kwa tetesi za nani anakwenda wapi, ndio wa kwanza kumhukumu. Bila wahamaji kurasa zetu za Januari zingejazwa na nini, utabiri wa hali ya hewa?

Sitaki mseme namsafisha. Leverkusen aliharibu mwenyewe. Aprili 8, 2015 walitolewa na Bayern München kwa penalti kwenye robo fainali ya Kombe la Ujerumani, na baada ya mechi akaingia kwenye vurugu na walinzi wa uwanja, chanzo kikiwa watu wake waliozuiwa kupita. Video ikasambaa, na siku nne baadaye klabu ikaachana naye. Nimeitazama video hiyo. Ni aibu. Walinzi wale ni watu wa posho ndogo wanaofanya kazi waliyotumwa, na mtu anayelipwa vile hana ruhusa ya kuwanyanyulia mkono. Ningekuwa mwenye klabu ningemfukuza pia. Kama mkubwa wangu angeandika SPAHIĆ, MTU WA HASIRA, ningenyamaza. Hasira alikuwa nazo, waamuzi wanamkumbuka. Ila hasira na umamluki ni magonjwa mawili tofauti, na daktari anayeyachanganya ni kanjanja.

Hamburg ilimchukua kiangazi hichohicho, yenyewe ikiwa imetoka kuponea chupuchupu kushuka daraja. Akakaa mpaka Januari 2017. Mwaka uliofuata Hamburg ikashuka kwa mara ya kwanza tangu ligi kuu ya Ujerumani, Bundesliga, ianze mwaka 1963. Sisemi alikuwa nguzo, umri ulikuwa umeshamla. Nasimulia tu.

Na sasa naomba mniambie kuhusu jezi moja ambayo hakuihama. Mechi 94 za timu ya taifa. Timu hiyo ilifungwa na Ureno kwenye mchujo wa kwenda Kombe la Dunia la 2010, nje ndani, bao moja moja. Ikakutana na Ureno hiyohiyo tena mwaka 2011 kutafuta Euro 2012, ikatoka 0-0 nyumbani na kupigwa 6-2 Lisbon. Katikati ya hayo, Aprili 2011, FIFA ikalifungia shirikisho lao kwa sababu lilikuwa na uongozi wa watu watatu wa kupokezana, Mbosniaki, Mserbia na Mkroati, na wanasiasa hawakutaka kuuacha. Ikabidi mzee Ivica Osim aongoze kamati ya kulinusuru, na mwisho wa Mei kifungo kikaondolewa. Mtu asiye na mapenzi na jezi angekuwa ameshatafuta jeraha la kumfaa. Spahić alibaki mpaka Oktoba 15, 2013, walipoifunga Lithuania 1-0 kule Kaunas kwa bao la Ibišević, na nchi yake ikafuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Nani alikuwa na kitambaa mkononi? Yule mzururaji.

Mimi nilimwona kwa mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi, kibanda umiza cha jirani, usiku wa kuamkia Juni 22, 2014. Saa saba usiku, Bosnia na Nigeria, na sote tulikuwa Wanaijeria usiku ule. Edin Džeko akafunga, mwamuzi msaidizi akainua kibendera, tukashangilia. Marudio yalionyesha kwamba hakuwa ameotea hata kidogo. Dakika ya 29 Emmanuel Emenike akambana Spahić pembeni, jamaa akaenda chini akidai kachezewa rafu, filimbi haikulia, pasi ikamkuta Peter Odemwingie, bao. Kibanda kikalipuka. Mimi pia nilipiga kelele. Ila nakumbuka kamera ilirudi kwa yule nahodha wa miaka 33 akiwa amesimama na mikono imefunguka, hasemi na mtu. Bosnia ikatolewa kwa bao hilo. Siku nne baadaye, mechi ikiwa haina maana tena, wakacheza na Iran mjini Salvador na wakashinda 3-1, ushindi wao wa kwanza kwenye Kombe la Dunia.

Sasa nirudi gazetini. Mwezi uliopita vijana watatu wa kujitegemea, wanaolipwa kwa stori, waliambiwa alasiri moja kwamba mwezi ujao wasije. Mmoja alikuwa na miaka minne pale. Hakuna aliyefungua mdomo kuuliza gazeti lina mapenzi na nani. Mimi mkataba wangu wa miezi sita unaisha mwezi ujao, na kuna gazeti jingine limenipigia simu mara mbili. Nikienda, neno nitakaloitwa nalijua, nimeshaliona limechapwa juu ya jina langu.

Nimepeleka maombi ya maandishi kwamba kichwa kile kisahihishwe, mistari miwili tu, ukurasa wowote. Bado sijajibiwa. Haya, daladala ya mwisho haingoji mtu.