Kabla ya kununua hisa, uliza utamuuzia nani

Kazi yangu ni kutunza vitabu vya hesabu vya wafanyabiashara wa Buyenzi na wa soko la Kwa Siyoni, hapa Bujumbura: wauza vitenge, wauza vipuri, wauza ndagala za Rumonge. Kila aliyejaaliwa kubakisha akiba huniuliza swali lilelile: hii pesa niiweke wapi? Ikikaa ndani inaliwa na bei za vitu. Mwaka 2023 mfumuko wa bei hapa Burundi ulipita asilimia 25, na Mei mwaka huohuo faranga yetu ilishushwa thamani kwa mkupuo mmoja. Mwenye uwezo ananunua kiwanja, mwingine mabati na saruji, mwingine anatafuta dola. Sasa habari ya hisa imeingia mitaani. Nchi imeshaweka mamlaka ya kusimamia soko la mitaji, ile ARMC, na wateja wangu wanaanza kuletewa karatasi za kujaza.

Naipokea habari hii kwa furaha. Natamani mchuuzi wa Buyenzi awe na sehemu yake katika kampuni za nchi hii badala ya kubaki mteja wao tu. Ila naona tunamfundisha istilahi za biashara hii kwa mpangilio uliopinduka. Kila anayekuja kuuza hisa anaanza na gawio. Angeanza na ukwasi, yaani wepesi wa kugeuza hisa zako kuwa pesa taslimu siku unayoihitaji bila kulazimika kuzitupa kwa bei ya hasara.

Majuzi alinijia Hajjati mmoja muuza vitenge, na karatasi za Kifaransa za kampuni changa inayouza hisa zake yenyewe, hisa moja faranga 10,000. Alikuwa ameshatenga milioni moja.

“Kwa hiyo, mwanangu, kila mwezi watanipa ngapi?”

Swali hilo peke yake lilinionyesha kwamba aliyemuuzia wazo hakumweleza kitu. Nikamwambia: Hajjati, ukiiweka milioni yako benki kwa muda maalumu, benki imekukopa, na riba yake ni deni. Ukinunua hatifungani ya Hazina, Serikali ndiyo imekukopa, na tarehe ya kulipwa inajulikana tangu siku ya kwanza. Ukinunua hisa, hakuna aliyekukopa. Umekuwa mmoja wa wenye kampuni. Mwaka ukiisha, hesabu zikafungwa na kukaguliwa, kama kuna faida, wanahisa watakaa kwenye mkutano mkuu na kuamua kiasi gani kigawanywe na kiasi gani kibaki kukuza kampuni. Kinachogawanywa ndicho gawio. Mwaka mwingine linaweza kuwa nono, mwaka mwingine lisiwepo kabisa, na hutakuwa na mtu wa kumdai. Kampuni ikifilisika, wafanyakazi, kodi na wenye madeni hulipwa kwanza; mwenye hisa anangoja nyuma yao wote.

Tukapiga hesabu. Tuseme wamegawa faranga 600 kwa kila hisa. Kwa hisa zake 100 atapata 60,000, asilimia 6 ya alichoweka. Linganisha na mwaka ambao bei za vitu zimepanda kwa asilimia 25. Gawio peke yake haliwezi kuziba pengo hilo. Litakaloziba ni bei ya hisa yenyewe ikipanda, na bei iliyopanda ina maana pale tu anapotokea mtu wa kukulipa.

Ndipo akauliza swali ambalo lingepaswa kuwa la kwanza: “Na siku nikitaka pesa zangu?”

Tuliipekua karatasi mpaka tukaipata ibara yake, ndani kabisa, baada ya sifa zote za kampuni. Ilisema mwanahisa hawezi kumhamishia mtu mwingine hisa zake bila kibali cha bodi ya wakurugenzi. Ibara ya namna hiyo ni halali, na kwa kampuni isiyoorodheshwa sokoni ni ya kawaida sana. Lakini maana yake ni kwamba Hajjati angelazimika kumtafuta mnunuzi mwenyewe, wakubaliane bei wenyewe, kisha bodi imkubali huyo mtu. Akaifunga karatasi. “Ni kama kitenge cha mtindo uliopita,” akasema. “Bei yake naijua, mnunuzi simwoni.”

Kuorodheshwa kwenye soko la hisa kunapunguza tatizo hilo, hakulifuti. Soko la hisa la Kigali lilizinduliwa tarehe 31 Januari 2011, na siku hiyohiyo hisa za Bralirwa zikaanza kuuzwa humo. Soko la Dar es Salaam lilianza kazi Aprili 1998. Katika yote mawili, mpaka leo, kuna kampuni ambazo hisa zake hupitisha siku nzima bila hata moja kuuzwa. Kwa hiyo ukisoma gazetini kwamba hisa fulani imefunga kwa bei fulani, tazama safu ya pili: hisa ngapi zimebadilisha mikono siku hiyo? Zikiwa sifuri, bei uliyoisoma ni kumbukumbu ya mauzo ya zamani. Na ukimpigia dalali wako simu, muulize bei mbili. Ipo anayotaka muuzaji na ipo anayotoa mnunuzi. Bei hizo zikiachana sana, utaumia ukinunua na utaumia tena ukiuza, na ada ya dalali iko juu yake.

Mfano wa upande wa pili uko Nairobi. Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliuza robo ya Safaricom kwa umma, hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 kila moja. Walijitokeza zaidi ya waombaji laki nane, na wengi walikopa benki ili waombe. Hisa zikapanda mwanzoni, kisha zikaporomoka mpaka chini ya shilingi 3 mapema mwaka 2009. Aliyekopa alikuwa na tarehe ya kulipa deni, akauza kwa hasara. Aliyetumia pesa yake mwenyewe alingoja, na mwaka 2021 hisa ileile ilivuka shilingi 40. Watu husimulia kisa hiki kama somo la subira. Mimi naona jambo jingine: hata yule wa mwaka 2009 alipata wa kumuuzia, na siku ileile aliyotaka. Hiyo ndiyo nguvu ya soko lenye wanunuzi wengi, na soko jipya lenye kampuni chache haliwezi kukuahidi hivyo.

Yako maneno mengine mawili ambayo nisingependa yamkute mtu wa Bujumbura bila taarifa. Moja ni hisa stahiki. Benki ya CRDB, ambayo tuko nayo hapa mjini tangu mwaka 2012, iliuza hisa zake kwa Watanzania mwaka 2009 kwa shilingi 150. Mwaka 2015 ikataka mtaji zaidi, ikawapa wanahisa haki ya kununua hisa mpya moja kwa kila tano walizo nazo, kwa shilingi 350. Mwenye hisa 1,000 alitakiwa kutoa shilingi 70,000 apate 200 nyingine. Asiyetoa hakunyang'anywa kitu, hisa zake zilibaki 1,000, lakini hisa za benki zikishaongezeka, sehemu yake inapungua kwa moja ya sita. Aliyetoa naye alipita kwenye miaka migumu: bei ilikuja kushuka mpaka chini ya ile 150 ya mwanzo, kabla ya kupanda na kuvuka 500. Ukipokea barua ya namna hiyo, una siku chache tu za kuamua, nayo haingoji mpaka umpate wa kukutafsiria.

Neno la pili ni kufungwa kwa daftari la wanahisa. Gawio hulipwa kwa wale ambao majina yao yamo daftarini siku iliyotangazwa. Ukinunua siku inayofuata, gawio la mwaka huo ni la aliyekuuzia, na kwa kawaida bei hushuka kwa kiasi kinachokaribia gawio hilo. Hapo mnunuzi asiyejua hudhani ameokota hisa ya bei nafuu.

Kuhusu kura za wanahisa sitasema mengi, ila tuzingatie sura ya kampuni zetu. Brarudi, kubwa kuliko nyingi hapa nchini, asilimia 59 hivi ni ya Heineken na karibu 40 ni ya Serikali. Kama siku moja Serikali itauza sehemu yake kwa wananchi, hata tukiinunua yote na kupiga kura kwa sauti moja, mwenye 59 ndiye atakayeamua gawio. Hilo mnunuzi aelezwe kabla hajalipa.

Ombi langu kwa ARMC ni moja. Kila kampuni itakayouza hisa kwa umma itoe, pamoja na kabrasha lake la Kifaransa, ukurasa mmoja kwa Kirundi na Kiswahili. Mstari wa kwanza wa ukurasa huo useme wazi: siku ukitaka kuuza, utamuuzia nani, kwa kibali cha nani, na ada yake ni kiasi gani. Gawio lije chini yake, pamoja na kiasi kilichogawanywa katika kila mmoja wa miaka mitano iliyopita, ikiwemo ile ambayo hakikugawanywa kitu. Na fomu ya maombi isipokelewe kama mwombaji hakuweka sahihi kwenye ukurasa huo.