Daftari la Michango Lisisomwe Hadharani

Wanachama wenzetu, wengi wetu tunaokutana darasani kwa sababu ya Kiswahili tunakutana tena Jumapili ya pili ya mwezi, kwenye misa ya Kiswahili. Hatuendi wote kwa sababu moja. Wapo Wakatoliki wa kuzaliwa, wapo Walutheri na Wapentekoste ambao hapa mjini hawakupata ibada kwa lugha yao, wapo Wamarekani wanaotaka kusikia Kiswahili kisichotoka kitabuni, na wapo Waislamu wawili watatu wanaofika misa ikishakwisha, wakati wa chai, kwa kuwa huko ndiko watu waliko. Hatujamwona mtu akisumbuliwa na jambo hilo. Sahani ya wali na sombe haiulizi dini.

Tunalotaka kulisema linahusu kinachofuata baada ya chai, yaani kusomwa kwa daftari la michango.

Kwa wasiolijua: kila familia, na kila mwanafunzi anayejitegemea, anatakiwa kutoa dola 20 kwa mwezi. Mfuko huo ndio unaomsaidia aliyefiwa, mgonjwa, mama aliyejifungua na aliyepoteza kazi. Mweka hazina husimama akasoma jina moja moja na kiasi kilichotolewa, na jioni picha ya ukurasa huo hutumwa kwenye kundi la WhatsApp. Aliyetoa hupigiwa makofi. Ambaye hakutoa, jina lake husomwa vilevile, kisha panakuwa kimya. Maoni yetu ni kwamba usomaji huo ukome, na kwamba mtu akiwa na shida asianze kutafutwa kwenye daftari.

Kwanza tuitendee haki jumuiya hii. Nani kati yetu hakupokewa nayo? Tulifika Januari na viatu vya wazi, tukapewa makoti yaliyokwisha kuvaliwa na watoto wa watu. Mama akijifungua, kina mama hupanga zamu ya uji na supu, na mwenye zamu hafiki na chakula tu. Anaosha vyombo, anamwogesha mtoto, anakaa. Kukitokea msiba ndipo utaona nguvu ya watu hawa. Kusafirisha mwili kwenda Kigoma au Bujumbura ni maelfu ya dola, na kuna nyumba ya mazishi, ubalozi na shirika la ndege, kila mmoja na karatasi zake. Tumeona wafagiaji, wauguzi wasaidizi na madereva wakilimaliza jambo hilo huku matanga yakiendelea sebuleni kwa mfiwa.

Utaratibu huu haukubuniwa hapa Marekani. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1973, na tena mwaka 1976, waliamua kwamba maisha ya kanisa yajengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo: nyumba chache za majirani wanaosoma Injili pamoja, wanaotembelea wagonjwa na kuzikana. Watanzania na Wakenya wanaiita jumuiya. Wenzetu wa Bukavu na Goma wanaiita shirika, na Mtanzania akiambiwa kwamba mgonjwa atatembelewa na shirika, anawaza la reli au la umeme.

Neno la kushika hapo ni majirani. Kule nyumbani jumuiya haikuhitaji kitabu ili ikujue. Jiko lako lisipofuka moshi, mtu alibisha hodi. Hapa tumetawanyika, kutoka kwa familia moja hadi nyingine ni nusu saa kwa gari, na asiye na gari ni kama yuko kisiwani. Macho ya jirani hayapo, basi daftari likashika nafasi yake. Lakini daftari linaona mambo mawili tu, fedha na mahudhurio.

Halimwoni baba anayefanya kazi usiku kwenye kiwanda cha nyama, anayetoka zamu alfajiri ya Jumapili akiwa hawezi hata kusimama. Haliioni familia ya wakimbizi, ambayo msaada wake wa mapokezi ulihesabiwa kwa siku 90 za mwanzo, na ambayo kabla ya kupanda ndege ilitia saini kwamba nauli ni mkopo. Miezi sita baada ya kufika, deni lilianza kulipwa. Halimwoni mwanafunzi mwenye viza ya masomo, ambaye wakati wa muhula haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa wiki, tena ndani ya chuo. Kwenye ukurasa wote hao wanafanana na mvivu.

Majira ya baridi yaliyopita mama mmoja mjane, aliyetoka kambi ya Nyarugusu na watoto wake, jina lake lilisomwa miezi mitatu mfululizo na kufuatiwa na kimya kile. Mwezi wa nne hakuja. Mwanawe alilazwa hospitali kwa siku sita na hakuna aliyejua, mpaka mwanachama wetu anayesaidia shuleni kwa watoto hao akasikia kwa mwalimu. Alipoulizwa kwa nini hakupiga simu, mama alijibu, "Sijachanga hata mara moja. Ningewapigia niseme nini?" Wala jumuiya haikumnyima kitu. Wangelijua, wangejaa hospitalini siku hiyo hiyo. Ni yeye aliyejikatia hukumu, kwa kusikiliza jinsi jina lake lilivyosomwa.

Tulilipeleka jambo hili kwa mweka hazina, mama ambaye tunamheshimu na ambaye ametulisha sote. Alitusikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wanangu, nikilifunga daftari hili, watakuja siku ya maiti tu." Hatuwezi kusema amekosea. Tunawajua watu wenye kazi nzuri na magari mawili ambao huonekana tu wakiwa na msiba. Kazi ya kuwakumbusha ameifanya peke yake kwa miaka, bila malipo, na lawama zote ni zake. Hesabu lazima iwepo, maana fedha ya watu isiyoandikwa huliwa.

Ila kuandika ni jambo moja na kusoma hadharani ni jingine. Isomwe jumla iliyoingia, jumla iliyotoka na salio. Majina yabaki kwa mweka hazina na mwenyekiti. Asiyetoa kwa miezi miwili atembelewe na watu wawili, tena waende na chakula. Wakikuta magari mawili mlangoni, hapo wana ruhusa yetu ya kusema wanavyotaka.

Wasomaji wa Biblia watakumbuka Matendo ya Mitume, sura ya 6. Wajane waliozungumza Kigiriki walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku, yaani waliopitwa walikuwa watu wa lugha nyingine. Wakachaguliwa watu saba wa kusimamia mgawo, na majina yote saba ni ya Kigiriki. Kwa usomaji wetu, kazi ilikabidhiwa kwa upande uliolalamika. Basi kamati ya mfuko iwe na mtu mmoja aliyefika karibuni na mmoja wa zamu ya usiku.

Mwenzetu mmoja alipendekeza saa zetu za ukalimani ziandikwe daftarini badala ya dola 20. Tumekataa. Hilo lingekuwa daftari la pili, na makofi mengine.

Tutakachofanya ni kuweka meza ya barua. Kila nyumba ina barua za shule, za hospitali na za umeme zisizosomwa, zimerundikwa juu ya friji. Mwanachama Mmarekani wa mwaka wa pili anaweza kusoma barua ya Kiingereza na kuieleza kwa Kiswahili alicho nacho, na kina mama watamsahihisha bure. Fomu za uhamiaji hatutazijaza. Kosa moja pale linaweza kumgharimu mtu miaka, kwa hiyo hizo tutawaelekeza kwa wanasheria. Tutawaambia pia jambo ambalo wengi hawalijui: hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inawajibika kumpa mgonjwa mkalimani bila malipo. Mtoto wa miaka kumi hapaswi kumtafsiria mama yake habari za kizazi.

Meza itaanza Jumapili ya pili ya mwezi ujao, karibu na mlango wa jikoni. Mwenye gari anayeweza kurudisha watu nyumbani baada ya saa nane amwambie katibu wa chama. Kuhusu daftari, mweka hazina amekubali tuzungumze tena, kwa sharti kwamba tusiende wanafunzi peke yetu. Anamtaka mtu wa kiwandani aje aseme mwenyewe. Tunatafuta siku ambayo mtu huyo hatakuwa amelala.