Somo la "If" Tunalo Tangu Chuoni

Juzi baada ya sala ya alasiri nilikuwa nimekaa barazani, akanijia mpwa wangu, binti wa dada yangu, na daftari lake la Kiingereza mkononi. Sentensi aliyoiandika ilikuwa imekatwa kwa wino mwekundu: "If I would have money, I would buy a bicycle." Juu ya "would have" ya kwanza mwalimu ameandika "had". Mtoto akaniuliza, "Mjomba, mimi pesa nazitaka leo. Kwa nini mwalimu ataka niseme nilikuwa nazo jana?"

Nilicheka, kisha nikanyamaza, kwani swali hilo nalijua. Miaka mingi iliyopita, nilipotoka chuoni kwenda skuli, niliandika kosa hilo hilo. Nikasomewa mbele ya darasa zima, wenzangu wakaangua kicheko, na mwalimu akasema kuwa watoto wa chuoni vichwa vyao vimejaa Kiarabu hata Kiingereza hakipati pa kukaa. Tangu siku ile hadi mwaka ukaisha sikuinua mkono tena katika kipindi chake.

Leo, ndugu msomaji, nathubutu kusema kuwa mwalimu yule alilipindua jambo juu chini. Kile Kiarabu alichokidharau ndicho kilichokuwa ufunguo wa somo lake, lakini hapana aliyetuonyesha kitasa.

Kwanza tulitazame kosa lenyewe. Mtoto wa Kiswahili husema, "Ningekuwa na pesa, ningenunua baiskeli." Hiyo "nge" imekaa pande zote mbili za sentensi, kulia na kushoto, na ndivyo lugha yetu itakavyo. Afikapo kwenye Kiingereza huambiwa "nge" ni "would". Basi naye, kwa uaminifu wake, hutia "would" pande zote mbili. Huo si ujinga. Ni mtoto aliyeshika vizuri kanuni ya kwao, akaipeleka mahali ambapo kanuni ni nyingine. Aambiwe hivyo, naye ataelewa. Akichekwa, atanyamaza kama nilivyonyamaza mimi.

Kiingereza hufanyaje? Jambo likiwa laweza kuwa, husema, "If I have money, I will buy a bicycle." Jambo likiwa ni la kufikiria tu, kwa kuwa pesa hazipo, hurudisha vitenzi hatua moja nyuma: "have" ikawa "had", na "will" ikawa "would". Na jambo likiwa la jana, lililokwisha kupita bila ya kutokea, hurudi hatua mbili: "If I had had money, I would have bought a bicycle." Kwa hivyo ile "had" ya mpwa wangu haihesabu siku. Yapima umbali wa jambo na ukweli. Ndiyo maana pia Mwingereza husema "If I were you", akaliacha "was" la kila siku, ili ajulishe kuwa yeye si wewe wala hawezi kuwa wewe.

Hapo ndipo mtoto alipokwama. Yawaje kitenzi cha wakati uliopita kikawa na maana ya leo au kesho? Nikamwuliza, "Kesho utakwenda skuli?" Akanijibu upesi, "Inshallah, Mjomba." Nikamwambia, "Basi umekwisha kulijibu swali lako."

Neno hilo, ambalo sote twalitamka mara nyingi kwa siku, ni maneno matatu: "in", "shaa", na jina la Mwenyezi Mungu. "In" ni sharti, ndiyo "if" yenyewe. Na "shaa" ni kitenzi cha maadhi, yaani umbo la wakati uliopita. Kitenzi hicho pekee chasema "alitaka" au "alipenda". Lakini kikishatanguliwa na "in", maana yake ni "akipenda", nasi twakitumia kwa ajili ya kesho, kama tulivyofunzwa adabu hiyo katika Sura ya Kahf, aya ya 23 na ya 24. Hapana Mswahili hata mmoja aliyewahi kudhani kuwa asemaye Inshallah asimulia habari za jana. Basi ajabu ya "had" iko wapi?

Tuendelee mbele kidogo. Mtoto wa chuoni huhifadhi Sura ya Nasr angali mdogo. Neno lake la kwanza ni "idha", na kitenzi kifuatacho kimo katika umbo la maadhi, ilhali kinachotajwa ni jambo litakalokuja. Wanavyuoni wa nahau na balagha wametupambanulia milango mitatu. "In" ni ya jambo lenye shaka kwetu, huenda likawa au lisiwe. "Idha" ni ya jambo linalotarajiwa kuwa. Na "lau" ni ya jambo lisilokuwepo, au lisilowezekana. Kwa hiyo "lau" ndiyo hoja ya Tauhidi imejengwa katika Sura ya Anbiyaa, aya ya 22: jambo limewekwa kwa kudhania tu, ili ubatili wake udhihirike.

Kiswahili nacho kina milango yake. Tuna "ki": "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Tuna "sipo": "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Hiyo "usipo" ndiyo "unless" ya Waingereza, ambayo watoto huiharibu kwa kuandika "unless you don't", wakakanusha mara mbili. Tuna "nge" kwa jambo la kufikiria sasa, na "ngali" kwa jambo lililokwisha pita. Tuna hata "laiti", tuliyoipata kwa Waarabu, kwa kutamani yasiyokuwepo, nayo yalingana na "I wish" na "if only". Mtoto mwenye hazina hii amefika darasani na mtaji. Lakini sisi twampokea kana kwamba amekuja mikono mitupu.

Najua kuna mzee mmoja au wawili watakaonikabili msikitini waniambie, "Bwana, hiyo 'lau' unayoisifu imekatazwa." Ni kweli kuwa katika hadithi aliyoipokea Muslim kutoka kwa Abu Huraira, Mtume, rehema na amani zimshukie, ametukanya tusiseme "lau ningalifanya kadha" tunapofikwa na msiba, kwa kuwa neno hilo humfungulia Shetani mlango. Lakini wanavyuoni wamesema kuwa kinachokatazwa ni kuijutia Kadari na kuipinga. "Lau" ya kufundishia na ya kutolea hoja haimo. Imam Bukhari ameweka mlango mzima katika Sahihi yake juu ya "lau" inayojuzu. Na wazee wetu waliposema kuwa ningalijua huja nyuma, walikuwa wakituonya juu ya majuto yayo hayo.

Wala tusidhani haya ni mambo ya daftari tu. Mkataba wa kupanga nyumba, hati ya kuuza shamba, karatasi ya mkopo, zote hukaa juu ya "if", "unless" na "provided that". Sisi watu wa Pwani twaijua gharama ya sharti tusilolisoma. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye ardhi katika ukanda wetu wapeleke madai yao, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ni mali ya Serikali ya kikoloni. Tazama basi uzito wa "usipodai" moja! Wengi hawakudai, na wajukuu wao hadi leo huitwa maskwota mahali walipozikwa babu zao. Sisemi kuwa nahau peke yake ingaliwaokoa, kwani dhulma ilikuwa na milango mingi. Nasema kuwa mtu asiyetambua sharti liko wapi katika karatasi, hutia sahihi jambo asilolijua.

Lawama si ya walimu wa Kiingereza peke yao. Na sisi wenyewe Kiswahili chetu twakichezea. Sikilizeni mazungumzo yetu na redio zetu: "nge" imemeza "ngali" karibu yote. Mtu husema "jana ningekuja" wala hapana anayeshtuka. Najua wako wasemaji wengi, na wa tangu zamani, wasiotenganisha mbili hizi, wala siwatoi katika Uswahili. Lakini vitabu vya skuli vyazitenganisha, na faida iko. Mtoto aliyezoea kusema, "Lau mvua isingalinyesha jana, ningalikuja," tayari ana chumba cha kuiweka ile "had" ya hatua mbili. Asiye na chumba hicho kwake, atakijenga vipi katika nyumba ya mwenziwe?

Rai yangu ni hii. Mwalimu wa Kiingereza afikapo kwenye somo la sharti, aandike ubaoni sentensi tatu za Kiswahili kabla ya zile za Kiingereza: yenye "ki", yenye "nge", na yenye "ngali". Kisha awaonyeshe watoto kwa macho yao kuwa Kiswahili hurudia alama pande zote mbili, na Kiingereza huweka "would" upande mmoja tu. Dakika 10 zatosha. Na maalim wa chuoni, anapofundisha "in", "idha" na "lau", asione haya kumwambia mtoto kuwa haya atayakuta tena skuli. Elimu haipungui baraka kwa kukutana na nyingine. Nasi wazazi, mtoto akileta daftari lenye wino mwekundu, tumwulize alikuwa akifikiri nini kabla ya kumwambia hajui kitu.

Mpwa wangu alikaa kitako barazani, akaandika upya: "If I had money, I would buy a bicycle." Kisha akaandika ya pili bila ya mimi kumwambia: "If I had known this, I would not have cried." Nikamwuliza alilia lini. Akasema jana, baada ya darasa, chooni, wenzake wasimwone.

Miaka imepita, mtoto mwingine, kosa lile lile, na kicheko kile kile. Hilo ndilo lililonikalisha niandike haya.