Pima Maji Kwanza, Ndipo Umtafute Mchawi

Bumu limeisha, maneno bado. Leo kuna jambo linanikereketa, na asiyekubaliana nami aje tubishane kwenye vimbweta.

Sisi tunapenda kutibu kabla ya kupima. Homa ikipanda tunameza dawa ya malaria. Samaki wakifa bwawani tunatafuta mbaya wetu. Maji yenyewe hakuna anayeyauliza!

Nianze na matumbawe. Watu wanaofuga matumbawe kwenye matangi ya kioo wana kanuni moja: tumbawe likianza kufifia, usikimbilie dawa wala taa mpya, pima maji. Wanaangalia joto (nyuzi 24 hadi 27 hivi), chumvi (gramu 35 hivi kwa kilo ya maji), kalsiamu (miligramu 400 hadi 450 kwa lita), amonia (iwe sifuri), na alkalini, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi. Alkalini ikiyumba, tumbawe linapata shida kujenga mifupa yake. Na kwa macho maji mabaya na mazuri yanafanana kabisa, yote maangavu. Halafu maji ya tangi yanapokauka, chumvi inabaki. Mtu akijazia maji ya bahari badala ya maji baridi, anazidisha chumvi huku anadhani anasaidia.

Baharini ni hivyo hivyo. Mwaka 1998, wakati wa El Niño, matumbawe mengi ya pwani yetu yalipauka na mengi yakafa, kwa sababu maji yalipata joto kupita kiasi. Ukisimama ufukweni na kuyatazama maji tu, hujui kitu. Kipimajoto ndicho kinachosema.

Najua mtauliza, mtoto wa Same matumbawe yanamhusu nini? Yanamhusu. Udongo unaomomonyoka Upare Kusini unashuka na mto Mkomazi, unaingia Pangani, na Pangani inamwaga baharini. Lakini hata tukiacha bahari, somo ni lile lile.

Kwetu maji tunayajua kwa ulimi: haya ya chumvi, haya matamu. Wazee wetu wa milimani walikuwa mafundi wa kugawana maji. Ndiva inajazwa usiku, inafunguliwa mchana, kila mtu kwa zamu yake. Wingi wa maji tuliuhesabu tangu enzi, ila ubora tumeuachia macho na ulimi. Sasa chukua floraidi, tatizo la miaka mingi Arusha na Kilimanjaro. Haina rangi na hutaigundua kwa kuonja. Ukichemsha haitoki, tena maji yakipungua sufuriani inazidi kukolea! Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Sisi kwa miaka mingi tuliruhusu hadi 4. Meno ya watoto yanakuwa ya kahawia, na wengine mifupa inaumia.

Mnatutania Wapare kwamba tunauza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Haya, basi nawapa kesi ya perege. Huko nyumbani nazijua familia mbili zisizosalimiana mpaka leo. Alfajiri moja mwenye bwawa alikuta samaki midomo juu, wakubwa ndio wameanza kufa. Jirani akaambiwa ametia sumu. Lakini bwawa lilikuwa la kijani kibichi kwa mbolea ya ng'ombe! Mwani ule mchana unatoa oksijeni, usiku unaivuta, na kabla ya jua kuchomoza ndipo inapokuwa chini kabisa. Dalili zote zilikuwa za maji kukosa hewa. Jua likipanda oksijeni inarudi, na ushahidi umepotea. Hakuna aliyepima alfajiri ile, na undugu wa miaka mingi ukafa pamoja na perege.

Utaniambia vipimo ni ghali. Vingine ni kweli: floraidi inataka vifaa vyake, vijidudu vinataka maabara. Lakini kipimo cha alkalini ni titresheni ile ile ya Form Four! Bureti, pipeti, asidi, matone ya methili oranji, rangi ikibadilika unasoma. Tunapima asidi ya dukani kwa besi ya dukani, tunapata A, tunasahau. Kisima kipo nje ya dirisha la maabara na hakuna aliyewahi kukichotea hata chupa moja.

Msimamo wangu ni huu. Kila sekondari ya Same ichague chanzo kimoja cha maji, kisima au bwawa au ndiva, wanafunzi wapime joto, pH na alkalini kila mwezi, saa ile ile, wabandike majibu ubaoni kijiji kione. Namba moja haisemi mengi. Namba za mwaka mzima zinaonyesha kilichobadilika na lini. Na wala msiniambie mradi wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe kutoka Nyumba ya Mungu, uliozinduliwa 2025, umemaliza kazi. Ni jambo jema sana, ila bomba haliondoi haja ya kupima, na wapo wanaoendelea na visima na chemchemi.

Wale wa ualimu wa Kemia mnaokwenda BTP, nawaangalia ninyi. Bei ya chupa ya methili oranji ni ndogo kuliko ya kesi.

Nawasilisha.