Mkia wa Punda

Hapa Unguja punda avutaye gari la mchanga au la nazi ndiye aletaye unga nyumbani. Jioni mpe maji, kisha mtazame nywele za shingoni na za mkia. Simama ubavuni, si nyuma yake. Toa miiba kwa vidole, ukianzia nchani. Ndipo usugue taratibu kwa kipande cha kumbi la nazi. Chunguza shina la mkia: hapo kupe hujificha. Akijikuna mtini hata nywele zikapukutika, mwite daktari wa mifugo.

Wala usimkate mkia ufanye usinga. Wewe una mikono ya kufukuzia nzi. Yeye ana mkia tu. Kitabu cha Mithali, sura ya 12, chapima haki ya mtu kwa jinsi amtunzavyo mnyama wake.