Kumsemea si Kumsemesha

Majuzi nilipita Makutano, mjini Meru, kumjulia hali binti wa rafiki yangu. Binti huyu anasomea ustawi wa jamii, na chuo chake kimemtuma huko kwa mafunzo ya nyanjani ya miezi mitatu katika kikundi cha kutetea haki za watu wenye ulemavu. Alinisimulia kisa kilichomkosesha usingizi.

Alikuwa amefuatana na kijana kiziwi, fundi wa viatu, kwenda kuandikishwa katika ofisi fulani. Afisa hakumtazama kijana. Alimgeukia binti akauliza, "Huyu anataka nini?" Naye, kwa nia njema kabisa, akajibu. Akajibu swali la pili na la tatu, hata akajibu asiyoyajua. Hapo kijana alivuta karatasi iliyokuwa mezani akaandika: "Mimi nimesoma hadi darasa la nane. Niulizeni mimi."

Sisi wanaisimu huwaeleza wanafunzi wetu kwamba kitenzi "teta" kikitiwa katika kauli ya kutendea huwa "tetea", yaani kuteta kwa ajili ya mwingine. Vivyo hivyo "sema" huzaa "semea". Lakini "sema" huzaa pia "semesha", ambako ni kumwelekea mtu kwa maneno ili naye apate kujibu. Siku ile kijana alisemewa mbele ya macho yake. Hakusemeshwa na yeyote.

Simlaumu binti. Alitumwa kuwatetea viziwi bila kufundishwa hata salamu moja ya Lugha ya Ishara ya Kenya. Lugha hiyo si bidhaa ya anasa. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inaitaka serikali iiendeleze, na kifungu cha 120 kinaifanya kuwa mojawapo ya lugha rasmi tatu za Bunge. Kifungu cha 54 nacho kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdunisha. (Wapo wanaodai kwamba "kiziwi" ni tusi kwa sababu ya ki- yake. Je, "kiongozi" na "kijana" nayo ni matusi? Lililomdunisha fundi wetu ni ule mgongo aliopewa.)

Wenzangu vyuoni watasema mtaala umejaa. Hapana shaka umejaa. Lakini umejaa nini, ikiwa mhitimu hawezi kuzungumza na mtu anayekwenda kumhudumia? Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa asilimia 2.2 ya Wakenya wenye umri wa miaka 5 na zaidi wana ulemavu. Katika kaunti ya Embu, asilimia ilikuwa 4.4. Na walimu hawakosekani: Meru ina shule ya viziwi ya Kaaga, Embu ina St. Luke's. Waliosoma katika shule kama hizo wangeweza kuajiriwa na vyuo kuwafunza wanafunzi ishara kabla hawajatumwa nyanjani, kisha wakatia sahihi ripoti zao. Leo ripoti hizo hutiwa sahihi na mhadhiri anayefika mara moja, akanywa chai, akaondoka.

Binti amebakiza majuma matano. Kila jioni, fundi anapofunga kibanda chake, humfundisha ishara kwa nusu saa. Chuo hakimlipi fundi huyo hata senti.